Mwaka Nilioshika Mwiko wa Fundi

Mume wangu alikuwa fundi wa mawe. Katika sehemu zile za Matiliku ilikuwa vigumu kupata nyumba ya mawe ambayo mkono wake haukupita. Mimi nilizaliwa Nuu, mbali, upande wa Kitui, nikaolewa Makueni nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilimkuta ana nyundo mbili, mwiko, timazi ya kupimia wima, na Biblia ya Kikamba iliyong'oka jalada. Mungu akatupa msichana, kisha mvulana, kisha baada ya kungoja miaka mingi mpaka nikaacha kungoja, akatupa msichana mwingine.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa katika miaka ya sabini, binti yetu mkubwa akiwa darasa la saba. Kanisa letu lilikuwa limeezekwa mabati mapya. Paa lile liling'aa hata ukiwa ng'ambo ya bonde. Kila mvua iliponyesha tulitazama maji yakimwagika kutoka kwenye mabati na kukimbilia korongoni, na siku mbili baadaye sisi wanawake tulikuwa tunateremka mtoni kama kawaida, tunafukua mchanga, tunapanda mlima na mitungi mgongoni, kamba zikitukata kipaji cha uso. Jumapili ya kwanza ya Januari mchungaji alisema imetosha, tujenge tangi la mawe kando ya kanisa. Akauliza nani atatoa nini. Huyu akatoa punda wa kubeba mchanga, yule akatoa mawe yaliyo shambani kwake. Mume wangu akasimama.

"Mimi sina mbuzi wa kutoa," alisema. "Nitatoa mikono. Hilo tangi nitalijenga mimi, iwe sadaka yangu ya mwaka huu."

Watu walipiga makofi. Mimi niliinama nikajifanya natafuta leso ya mtoto, kwa sababu nilijua jambo ambalo kanisa halikujua. Kikohozi chake kilikuwa na miezi mitatu sasa, na shati alilolivaa siku ile nilikuwa nimelipunguza mimi mwenyewe kwa sindano ili lisimning'inie.

Alichimba msingi, akamwaga zege la chini, akasimamisha mti mrefu katikati ambao ungemsaidia kupata duara. Alipopanga mstari wa kwanza wa mawe akakohoa damu kwenye karai la simiti. Hakuniambia. Niliiona nilipokwenda kuosha vyombo vyake vya kazi.

Tulipanda basi hadi hospitali kubwa. Daktari alimpiga picha ya kifua, akapima makohozi, akatuita tukae.

"Ni kifua kikuu," alisema. "Kinatibika, mama, usilie. Lakini atalala hapa, achomwe sindano kila siku, na akitoka atameza dawa zaidi ya mwaka bila kuruka hata siku moja. Na watoto uwalete wote niwapime."

Niliwaleta. Wakubwa wawili walikuwa wazima. Yule mdogo, aliyekuwa na miaka minne na ambaye nilidhani ni mwembamba tu kwa sababu hapendi kunde, alikuwa nacho. Hakuhitaji kulazwa, lakini alitakiwa kupewa dawa kila asubuhi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mtoto mgonjwa, mvulana wa miaka tisa, binti wa mtihani, na shamba la ndengu lililotaka palizi. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Jumapili iliyofuata tulipoketi kanisani, benchi letu likawa pana. Hakuna aliyesema neno baya. Walisogea tu, kila mmoja kidogo, kama watu wanaompisha mtu aliyebeba mzigo. Tulipoimba, sauti yangu haikutoka. Nilifungua mdomo na kuufunga kama samaki, mpaka ibada ikaisha.

Baada ya wiki mbili wazee wa kanisa walikutana kuhusu tangi, na sisi wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kufanya kazi pamoja, tukaitwa kwa kuwa ndio tuliokuwa tumebeba mchanga na maji. Mzee mmoja, mtu mwaminifu, aliyefundisha wengi wetu kusoma, alisema, "Fundi wetu ni mgonjwa. Tumwombee. Lakini kazi isimame mpaka mwakani, au tutafute fundi mwingine."

Sijui nilisimama vipi. Miguu ilisimama kwanza, maneno yakafuata.

"Msitafute fundi mwingine," nilisema. "Mume wangu aliweka ahadi mbele ya Mungu, na mimi na yeye ni mwili mmoja. Nitajenga mimi."

Halafu yule mzee akatabasamu, bila ubaya, akasema, "Mama, mwiko unaoujua wewe ni wa ugali."

Walicheka wote, hata wanawake wenzangu. Hata mimi nilicheka kidogo. Kisha nikamwambia, "Mzee, nimemchanganyia mume wangu simiti kwa miaka kumi na minne. Nimemshikia uzi, nimemchagulia mawe. Jiwe nikiliona najua litakaa kwa upande gani. Kitu ambacho sijafanya ni kuliweka tu."

Mchungaji, aliyekuwa kijana na mgeni kwetu, aliniuliza, "Na ukikosea?"

"Nitabomoa nianze tena."

Alitazama wazee, akatazama wanawake. "Basi tuombe," alisema. Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi.

Jumamosi nikaenda hospitali. Wagonjwa wa kifua walikuwa wamewekwa nje waote jua, kila mmoja na blanketi lake. Mume wangu alikuwa mifupa na macho. Nilipomwambia alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikaogopa nimemuua. Alipotulia akafuta macho.

"Umekuja kuniomba ruhusa au umekuja kuniarifu?"

"Nimekuja kukuuliza mawe yanawekwaje mpaka yashike duara."

Alisogeza blanketi kando. Halafu akaokota kijiti, akainama kutoka kwenye kiti chake, akaanza kuchora mavumbini. Mti wa katikati usimame wima kabisa. Funga waya kwenye mti, urefu wake ufike pale uso wa ndani wa ukuta unapotakiwa kuwa. Kila jiwe unaloweka, zungusha waya, ncha iliguse. Lisipogusa, litoe. Kila baada ya mistari miwili zungusha seng'enge nje, uivute mpaka ilie, kwa sababu maji yanasukuma. "Maji hayalali," aliniambia. "Yatakaa ndani ya tangi mchana na usiku yakitafuta mahali ulipokuwa mvivu."

Kila Jumamosi nilikwenda na maswali, nikarudi na majibu. Wagonjwa wengine walijua kazi yangu imefika wapi. Wakiniona langoni walianza, "Fundi, leo mstari wa ngapi?" Mmoja wao, Mwislamu mzee kutoka Kitui mjini aliyekuwa na duka la nguo, alikuwa akiniombea kwa njia yake, na mimi nilimwombea kwa yangu. Alitoka kabla ya mume wangu, akitembea kwa miguu yake.

Asubuhi zangu zilianza na vita vya dawa. Kitindamimba wetu alifunga meno. Niliponda vidonge kwenye uji, akatema uji. Nikaweka sukari, akalamba sukari akaacha dawa. Mvulana wetu ndiye aliyepata dawa ya dawa. Alimwambia dada yake, "Mimi ni ng'ombe na wewe ni ng'ombe. Tunapelekwa kwenye josho. Ng'ombe asiyeruka ndani anabaki na kupe." Akashusha kichwa akanywa kikombe chake cha maji kwa mkupuo mmoja, akatikisa masikio. Mtoto akacheka, akanywa, akatikisa masikio. Ikawa hivyo kila siku, miezi na miezi. Mvulana hakuchoka kuwa ng'ombe, na mimi nilimheshimu kwa hilo kuliko nilivyomheshimu mtu mzima yeyote mwaka ule.

Binti mkubwa alikuwa jambo jingine. Alipika, alifua, alimbeba mdogo wake, na akifika shule alikuwa amechelewa. Mwalimu wake alinitumia maneno kwamba alama zinashuka. Ndugu wa mume wangu walikuja kuniambia kwa upole kwamba msichana ameshasoma vya kutosha, abaki nyumbani anisaidie mpaka baba apone. Usiniulize kama nilikasirika. Ukweli ni kwamba nilishukuru. Mgongo ulikuwa unaniuma, vidole vimepasuka kwa simiti, na nilijiambia kwamba darasa la saba anaweza kulirudia.

Siku ile nilimkuta jikoni anatwanga muthokoi, mahindi ya kukoboa ambayo kwetu hupikwa na kunde. Nilikaa kwenye kigoda. Nikasema, "Mwanangu, kuna jambo nataka kukuuliza."

Aliendelea kutwanga. Bila kuinua uso akasema, "Mwaitu, tafadhali usiniulize. Ukiniuliza nitakubali."

Mwaitu ndilo neno letu la kumwita mama. Nilikaa pale nikiyasikiliza maneno yale. Sikumwuliza. Nilisimama, nikamnyang'anya mchi, nikamwambia aende akasome. Kuanzia siku ile niliamka mapema zaidi na kupika mwenyewe kabla ya kwenda kwenye mawe, na jirani yangu, aliyeimba nami sauti ya pili kwenye kwaya, akamchukua mdogo mchana bila kuniuliza ugonjwa wake unaambukiza au hauambukizi.

Ukuta ulipanda. Mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama mwanamke aliyejifunga leso kiunoni akigonga mawe kwa nyundo. Wengine walinipungia mkono, wengine walitikisa kichwa. Wanawake wa mwethya walinichanganyia simiti, na maji ya kuichanganyia waliyabeba kutoka mtoni, mtungi baada ya mtungi. Ilikuwa ajabu kwamba tangi la maji linakunywa maji mengi hivyo kabla halijatupa tone.

Kisha nikakosea. Nilikuwa nimemaliza mstari wa sita na nikaona ukuta upande wa magharibi una tumbo. Nilishika waya, nikazungusha. Uligusa kila jiwe, ilhali tumbo lilikuwa limetoka upana wa vidole viwili. Nikaenda kwenye mti wa katikati nikaweka timazi, nikaona umelala. Ng'ombe alikuwa ameingia kupitia nafasi ya mlango tuliyoiacha, akajikuna kwenye ule mti, na mimi, kwa haraka ya kumaliza kabla ya Jumamosi, sikuwa nimeupima tena. Mistari miwili mizima ilikuwa imefuata mti uliolala.

Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ningeweza kupajaza plasta na kuficha. Niliketi chini ndani ya duara la mawe, mahali ambapo hakuna aliyeniona, nikamwambia Mungu kila kitu nilichokuwa nimekizuia tangu Februari. Sikumsifu. Nilimwambia amemchukua mume wangu, amempa mtoto wangu ugonjwa, na sasa ameruhusu ng'ombe. Nilimwambia nimechoka. Nililia kwa sauti, mawe yakanirudishia. Nilipomaliza nilishangaa kuona kwamba nimekuwa nikizungumza naye kama mtu aliye karibu, ilhali kwa wiki nyingi maombi yangu yalikuwa yananing'inia tu hewani. Nikafuta uso, nikachukua nyundo, nikaanza kubomoa.

Jirani yangu alinikuta mawe yakianguka. Alitupa kamba yake ya mtungi chini.

"Unafanya nini? Hayo maji nimeyabeba mimi! Kwa mgongo huu!"

"Ukuta umepinda."

"Mimi siuoni umepinda!"

"Maji yatauona," nilimwambia.

Aliondoka akinung'unika mpaka akapotea njiani. Asubuhi iliyofuata nilipofika alikuwa amekaa juu ya jiwe na mitungi miwili imejaa. Hakusema samahani, nami sikusema asante. Tulianza kazi. Kati ya jiwe la nne na la tano alianzisha wimbo, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshika sauti yangu ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari.

Mume wangu alirudi nyumbani mwezi wa sita. Alikuwa ameongezeka mashavu, na aliteremka kwenye basi bila kushikwa. Watoto walimkimbilia wakasimama hatua tatu mbali, kwa sababu hawakujua kama wanaruhusiwa. "Njooni," aliwaambia. "Daktari amesema siambukizi tena." Mdogo alimwambia habari ya josho kabla hata hajaketi.

Siku ya pili alitaka kuona tangi. Alitembea polepole, amevaa koti ingawa kulikuwa na jua. Ukuta ulikuwa umefika kimo cha kichwa changu. Alizunguka nje mara moja. Akapapasa viungo kwa kidole gumba. Akatoa timazi mfukoni, akaishusha sehemu moja, akasubiri itulie, akasogea, akaishusha tena. Mimi nilikuwa nimesimama kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu.

"Hapa amejenga nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Na hapa?"

"Mimi. Hapo nilibomoa mara moja."

Aliinama akatazama kwa karibu. "Mistari miwili," alisema. Aliweza kuona. Halafu akaketi juu ya lundo la mawe, akavua kofia, na machozi yakamtoka mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. "Mimi ningepiga plasta," alisema. "Mungu anisamehe, mimi ningepiga plasta tu."

Daktari alikuwa amemkataza kazi nzito, kwa hiyo akawa anaketi kivulini na kutoa maagizo, na tukaanza kugombana. Alitaka mawe madogo juu, mimi nilitaka makubwa. Alitaka nipumzike, mimi nilitaka nimalize. Ulikuwa ugomvi mtamu sana. Mwezi wa nane, mbaazi zikiwa zimeshavunwa, niliziba kwa mawe ile nafasi ya mlango, nikapiga plasta ya ndani mara mbili na kumalizia na niru, ile simiti laini tupu inayoteleza kama sahani. Tuliweka mifereji ya mabati ukingoni mwa paa, tukafunika juu, tukangoja mvua.

Binti alifanya mtihani kwanza. Aliondoka nyumbani na kalamu mbili na rula, baba yake akamwombea mlangoni, sala fupi kabisa. Wiki iliyofuata mvua ikaja, mchana, kwa kishindo. Tulikimbilia kanisani wote bila kuitwa, wanawake, wazee, watoto, tukasimama ndani tukisikiliza. Kwanza tulisikia mabati tu. Kisha, chini ya kelele ile, tukasikia maji yakianguka ndani ya tangi tupu, sauti nzito kama ngoma, na kadiri yalivyojaa sauti ikawa laini.

Kesho yake kulikuwa na doa la unyevu nje, upande wa magharibi. Wazee walisimama mbele yake, mikono nyuma. Mume wangu akaligusa, akanusa vidole.

"Acheni," aliwaambia. "Simiti inakunywa. Ikishiba itaacha."

Siku tatu nilipita pale kila asubuhi na jioni. Siku ya nne doa lilikuwa limekauka, jeupe, na halikurudi tena. Tulipoliweka wakfu tangi, mchungaji alinipa kikombe cha kwanza. Nilimpa jirani yangu anywe kabla yangu. Yule mzee hakusema lolote kuhusu mwiko, wala sikumtazamia aseme. Lakini Jumatatu alimtuma mkwe wake, mke wa mwanawe wa pili, na ujumbe: "Baba anasema unifundishe."

Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda hospitali sote watano. Daktari aliweka picha ya mume wangu kwenye mwanga, mapafu yake yakionekana safi, na akaagiza aendelee na vidonge mpaka viishe. Akampima mdogo, akaandika uzito, akatazama uzito wa zamani, akatazama tena. "Huyu mnamlisha nini?" aliuliza. "Tunampeleka kwenye josho," mvulana alijibu, na daktari hakuelewa kwa nini familia nzima inacheka.

Matokeo ya mtihani yalitoka. Mwalimu alikuja mwenyewe, akitembea haraka, karatasi mkononi, akaanza kupiga kelele akiwa bado kwenye mbaazi. Binti yetu alikuwa ameitwa shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni. Alinitazama kupita kichwa cha mwalimu, nami nikamtazama, na hakuna mwingine aliyejua tunaambiana nini.

Kabla hajaondoka kwenda shule ilifika barua kutoka kanisa moja huko Kabati, ng'ambo, upande wa Kitui. Walikuwa wamesikia habari za tangi lisilovuja, nao wana mabati mapya. Walimwomba fundi aje awajengee. Bahasha ilikuwa na jina la mume wangu. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mbele yangu juu ya meza.

"Fundi anaitwa," alisema. "Watoto nitabaki nao mimi."

Nilikwenda na mkwe wa mzee. Tulipofika, watu walikuwa wamekusanyika, mawe yamepangwa vizuri kandokando ya kanisa, wakatukaribisha kwa chai. Mwenyekiti wao aliendelea kutazama barabarani nyuma yetu, akingoja mwanamume ateremke. Nilimaliza chai yangu. Nikauliza mti wa katikati uko wapi, nikajifunga leso, nikatoa waya.

"Shika ncha hii," nilimwambia mwenyekiti. Akashika.